Kidude cha kupima sukari mkononi: nimekivaa wiki mbili, haya ndo niliyoyaona

Kisukari nnacho miaka mingi na vidole vyangu vimechoka kutobolewa, so nilipopata hiki kidude cha kubandika nyuma ya mkono nikasema ngoja nikivae kwanza ndo niseme. Kukibandika ni sekunde tu, unakandamiza kinalia tak basi, nilikunja uso bure. Kinaacha kiuzi chembamba chini ya ngozi chenye kimeng'enya, kikikutana na sukari kinatoa umeme kidogo sana, umeme huo ndo unageuzwa namba kwenye simu. Unasubiri kama lisaa hivi kianze kusoma, halafu siku 14 unaoga nacho unalala nacho.

Sasa huko kulala ndo kuna vituko. Usiku wa tatu, saa nane, simu ikapiga kelele nyumba nzima ikaamka, eti sukari imeshuka mpaka 3.1, mke wangu kashakimbilia jikoni kukoroga maji ya sukari. Nikamwambia subiri kwanza, nikajitoboa kidole: 5.8, iko sawa tu. Kumbe nilikuwa nimeulalia mkono wenyewe, ukipabana pale kidude kinadhani sukari imeshuka. Nikageuka, baada ya muda namba ikapanda yenyewe bila hata kunywa kitu.

Halafu ujue hakipimi damu, kinapima majimaji yaliyo katikati ya seli, na sukari inafika huko imechelewa dakika 5 mpaka 15 hivi. Ukiwa umetulia kinaelewana na kidole, ila ukitoka kula au kukimbia kinakuwa nyuma. Ndo maana mi siku hizi naangalia zaidi mshale wa kwenye simu unaoonesha sukari inaelekea wapi kuliko namba, 5 yenye mshale unaoshuka si sawa na 5 iliyotulia na kama unachoma insulini hiyo tofauti ni kubwa mno. Mashine ya kidole haikuoneshi hilo. Haikunionesha pia kwamba sukari yangu inapanda alfajiri kabla sijatia kitu mdomoni, miaka yote nilikuwa nakisingizia chakula cha usiku! Daktari alivyoiona grafu akanibadilishia muda wa sindano.

Ubaya wake, gundi inawasha na siku ya 9 kona ikaanza kubanduka. Kama unameza vitamini C nyingi soma karatasi ya kidude kwanza, baadhi ya hivi vidude vinadanganyika vinasoma juu.

Na wanaoniuliza kuhusu zile saa na pete zinazojidai kupima sukari bila kutoboa ngozi, jamani hapana. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha hata moja. Mi nnachokitamani ni pampu ya insulini inayosoma kidude na kupunguza au kuongeza insulini yenyewe, ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa kule 2016 so si ndoto.

Cha pili nimeshakibandika, mkono wa kushoto safari hii maana huwa nalalia wa kulia. Stripu za kupimia damu ya kidole bado ziko kwenye droo karibu na kitanda.