Springi za hewa kwenye gari: ipi ununue kwanza na ipi uiache dukani

Kila Desemba barabara ya Chalinze, Segera na Moshi hujaa magari yaliyokaa kitako. Noah imepakia familia nzima, gunia la mchele, madumu ya mafuta ya kula na godoro juu ya paa. Taa za mbele zinamulika matawi ya miti badala ya lami, na bampa ya nyuma imebakiza kiganja kimoja iguse chini. Ukifika kwenye matuta ya Mombo unapita kwa mshazari, polepole, na bado unasikia bomba la moshi likikwangua. Hilo lilikuwa gari langu, na ndilo lililonifanya nianze kuulizia springi za hewa. Nimezifunga, nimezing'oa, nimezifunga upya, na sasa nina msimamo: usinunue kwa jina wala kwa uzuri wa boksi. Nunua mfumo ambao ukivuja saa nne usiku kati ya Same na Mwanga, unajua la kufanya. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho.

Kwanza ujue unanunua nini. Springi ya hewa ni mpira mnene wenye nyuzi ndani yake, umefungwa juu na chini, unakaa kati ya ekseli na bodi. Ukijaza upepo gari linanyanyuka, ukiutoa linashuka. Mpira wenye eneo la kubebea la sentimita za mraba 100, ukijazwa upepo wa bar 5, yaani kama psi 72 kwa kipimo cha upepo wa tairi, unabeba takriban kilo 500. Mzigo ukiongezeka unaongeza upepo na gari linabaki kwenye kimo chake. Springi ya chuma haina uwezo huo. Ugumu iliotoka nao kiwandani ndio huohuo, uwe umebeba watu wanane au uko peke yako.

Jambo moja ulishike kabla hujatoa hela. Hewa inanyanyua gari, haiongezi uwezo wake wa kubeba. Ekseli, beringi, tairi na breki ni zilezile. Gari lililozidishiwa mzigo likinyanyuliwa na upepo linapendeza kwa macho tu, na hatari yake inakuwa kubwa zaidi kwa sababu dereva haioni tena. Na ukifika Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa wenzetu wa Nairobi, usiseme unataka "eabegi" ukaishia hapo, utaletewa za usukani. Sema mipira ya hewa ya springi za nyuma, na utaje modeli na mwaka wa gari.

Nafasi ya kwanza: mipira ya kuingiza ndani ya koili

Hii ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye gari la familia. Ni mpira mfano wa chupa fupi, unaoingia katikati ya springi ya koili ya nyuma. Springi ya kiwandani haitolewi. Mpira unaisaidia tu. Kila mmoja una kibomba chembamba kinachokwenda kwenye valvu kama ya tairi, unayoifunga karibu na namba ya gari au ndani ya buti. Unajaza kwa pampu ya mkono au kwa mtu wa pancha. Air Lift 1000 na Firestone Coil-Rite ni za aina hii, na zote zinataka upepo kati ya psi 5 na 35. Jozi ya Air Lift 1000 imetengenezwa kwa ajili ya kusaidia mzigo wa hadi pauni 1,000, kama kilo 450. Kule Marekani aina hii huuzwa kwa dola mia na kitu, kabla hujaweka usafiri na ushuru.

Sharti lake ni moja: shokapu isipite katikati ya koili. Chungulia chini ya gari. Ukiona koili iko peke yake na shokapu imesimama pembeni, unaweza. Ukiona shokapu imevaa koili, aina hii si yako, usikubali fundi akuambie atalazimisha.

Zangu mara ya kwanza zilifungwa vibaya, nami nilikuwa nimesimama palepale nikitazama. Fundi alikata kibomba kwa koleo. Koleo inabana bomba kabla ya kulikata, mdomo unabaki wa yai, na fitingi, yaani kiungio cha bomba, inataka mdomo wa duara uliokatwa wima. Akakichomeka, akakivuta kidogo, akasema, "Kaka, hii haitoki leo wala kesho." Kweli haikutoka, ila ilivuja. Tulipofika Korogwe upande wa kulia ulikuwa umelala na gari linavuta kwenye kona. Niliporudi nilinunua wembe wa kukatia kapeti, nikakata upya sentimita mbili za mwisho za kibomba, nikachomeka mpaka nikasikia kimegota, kisha nikapaka maji ya sabuni ya kuoshea vyombo kwa brashi ya rangi. Ukiona povu dogo linajijenga taratibu kama mate ya mtoto mchanga, hapo pana tundu. Usiridhike na sikio, maana uvujaji wa kulaza gari usiku mzima haupigi kelele yoyote.

Mambo mengine mawili yalinigharimu muda kuyajua. Usikubali mipira yote miwili iunganishwe kwenye valvu moja ili kuokoa kibomba. Ukiingia kona, upepo wa upande uliobanwa unakimbilia upande ulionyanyuka, na gari linalala kuliko lilivyokuwa kabla hujafunga kitu. Kila upande uwe na valvu yake. Pili, usitembeze gari mipira ikiwa mitupu. Acha psi 5 kila wakati, la sivyo mpira unajikunja, unabanwa na chuma na kukatika. Desemba nikiwa nimejaza mzigo naweka psi 25. Nikishusha nyumbani narudi kwenye 8.

Nafasi ya pili: mipira mikubwa ya pikapu na Hiace

Magari ya springi za vyuma bapa, kama Hilux na Hiace, yanatumia mpira mkubwa unaokaa juu ya ekseli, chini ya chesesi. Firestone Ride-Rite na Air Lift LoadLifter 5000 ndizo zinazotajwa zaidi, zote zikiwa za psi 5 hadi 100. Kwa anayebeba mzigo Jumatatu na Alhamisi kisha akatembea mtupu siku nyingine, hapa kuna faida kubwa kuliko kuongeza bapa kwenye springi, kwa kuwa bapa ukishaliongeza gari linarukaruka kama mbuzi kila linapokuwa tupu.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya breki. Hilux na Hiace nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo ukishusha bodi, fimbo inasukumwa, nayo vali inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukija na mpira wa hewa ukanyanyua bodi, vali inaona gari tupu. Una tani moja mgongoni na breki za nyuma zimepunguzwa. Fundi anayefunga mipira hii bila kuuliza habari za fimbo hiyo, mwachie gari la mwingine. Dawa ipo, fimbo inarekebishwa kwa kimo kipya, lakini ifanywe siku hiyohiyo na ijaribiwe gari likiwa na mzigo.

Ukitaka kurekebisha ukiwa kwenye usukani unaongeza kompresa ndogo ya volti 12, yaani pampu ya umeme ya kujazia upepo, geji mbili na swichi. Kompresa inavuta umeme mwingi, hivyo ivutiwe waya wake mnene kutoka kwenye betri, wenye relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na fyuzi karibu kabisa na betri. Kuiunga kwenye waya wa redio au wa kiberiti cha sigara ni kutafuta moto. Kompresa ikae mahali pakavu. Kwa sisi wa pwani, chumvi na unyevu vinaila upesi.

Nafasi ya tatu: gari lililokuja na hewa kutoka kiwandani

Wenye magari haya hawakuchagua hewa, wameikuta. Baadhi ya Prado za mwaka 2002 hadi 2009 zina springi za hewa nyuma, baadhi ya Harrier zinazo, na Range Rover na Discovery 3 nyingi zinazo kwenye magurudumu yote manne. Siku moja asubuhi gari linakutwa limelala, na swali linakuwa nibadilishe mpira au nirudishe koili.

Kosa kubwa ninaloliona ni watu kununua kompresa kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyozimika. Kompresa nyingi hufa kwa sababu ya mpira. Mpira unavuja kidogo, kompresa inafanya kazi mara ishirini kwa siku badala ya mara mbili, inachemka, inakufa. Ukifunga kompresa mpya juu ya mpira uleule, umenunua kifo cha pili. Tafuta uvujaji kwanza, badilisha mipira kwa jozi, kisha uangalie kompresa, na ukiibadilisha badilisha na relei yake. Ndani ya mfumo kuna pia kikaushio chenye chembe za kunyonya maji. Zikilowa na kusagika, vumbi lake linaziba vali. Hakiuzwi ghali, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Kwa ununuzi, mipira mipya ya kampuni kama Arnott ni chaguo la kati: nafuu kuliko ya kiwandani, na imetengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa. Mipira ya mtumba siinunui na sikushauri. Mpira unazeeka hata ukiwa kwenye rafu. Ukunje kidogo kwenye mwanga wa jua uone. Ukiona vimistari kama ngozi ya kisigino kilichopasuka, urudishe hapohapo.

Kurudisha koili si aibu. Cadillac ilitoa Eldorado Brougham mwaka 1957 ikiwa na hewa magurudumu yote manne, zikavuja, na wenye magari wengi wakaishia kwenye koili. Kama unaishi mbali na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari lako, Prado yenye koili nzuri za nyuma itakutunza kuliko yenye hewa inayolala kila wiki. Lakini nunua koili na shokapu zinazoendana, na mfumo wa hewa uzimwe ipasavyo, si kwa kuchomoa balbu ya taa ya onyo.

Nafasi ya nne: seti kamili ya kushusha na kupandisha

Hapa ndipo vijana wengi wanapotaka kuanzia. Springi zote nne zinatolewa, inaingia mipira minne, tangi la upepo, kompresa moja au mbili, boksi la vali na kidhibiti cha mkononi. Gari linalala mpaka rimu inaingia chini ya mkunjo wa bodi, kisha linainuka ukiwasha. Naupenda mwonekano huo, nakiri kwa moyo mweupe. Ila seti ya maana, pamoja na shokapu zake, huvuka dola 3,000 huko inakotoka, na baada ya hapo unahitaji fundi anayejua mabomba, umeme na jiometri ya magurudumu kwa pamoja.

Kama hela ipo, elewa tofauti hii kabla ya kulipa. Kuna mifumo inayosoma mgandamizo tu, kama Air Lift 3P, na inayosoma pia kimo cha gari kwa sensa, kama 3H ya kampuni hiyohiyo. Unaosoma mgandamizo ukiuambia psi 60 utakupa psi 60, uwe peke yako au na abiria wanne, kwa hiyo ukipakia watu gari litakuwa chini zaidi. Unaosoma kimo utaongeza upepo mpaka gari lifike pale ulipopachagua. Kwa barabara zetu zenye matuta yasiyo na alama, chukua wa kimo. Tangi lifunguliwe maji kila wiki, na baada ya kufunga kila kitu pima upya mpangilio wa magurudumu gari likiwa kwenye kimo unachotembelea, si kile cha kupigia picha.

Seti zisizo na jina zinazosema "zinaingia gari lolote" sizipi nafasi. Hakuna mpira unaoingia gari lolote.

Kabla hujamlipa fundi

Kaa na gari usiku mmoja kabla ya malipo ya mwisho. Jioni liegeshe mahali tambarare, chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kila kona, uandike. Asubuhi pima tena kabla ya kuliwasha. Tofauti ya milimita chache inaweza kuwa baridi ya usiku tu. Sentimita mbili upande mmoja ni uvujaji, mrudie fundi na maji ya sabuni. Halafu ingia chini, gari likiwa juu ya stendi na si jeki peke yake, kwani gari la hewa linaweza kushuka bila kukuaga. Hakikisha kibomba hakijapita karibu na bomba la moshi, na kwamba ukipitisha mkono wako kuuzunguka mpira, mpira haugusani na kitu chochote.

Ndani ya buti langu sasa kuna mfuko wenye mita moja ya kibomba, fitingi mbili, wembe na chupa ndogo ya sabuni. Desemba iliyopita niliufungua mara moja, pale Mwanga, kwa ajili ya gari la jirani.