Dari au jiko la makaa: baridi ya Julai kule Molo

Molo, mji wa Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi yake hupenya hadi mifupani. Wengi hukimbilia jiko la makaa. Linapasha joto upesi, kweli, lakini joto hilo hupanda hadi kwenye mabati na kupotelea huko. Kufika saa nane usiku mmebaki na majivu. Tena makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Tafadhali, msilale nalo ndani.

Mimi nachagua dari. Ni ghali, ila unalipa mara moja. Tulianza na chumba cha watoto tu, tukaziba mwanya wa chini ya mlango kwa gunia lililokunjwa. Asubuhi tulikuta wamelitupa blanketi la pili.