Gari la matangazo la kukodi kwa kampeni Dodoma: spika safi, umeme mashaka

Huduma inayopatikana mjini kwa wagombea ubunge na udiwani ni moja, ikitofautiana kidogo tu toka kwa mkodishaji mmoja hadi mwingine: Noah au Hiace yenye spika nne za honi kwenye keria, amplifaya ya wati 250, maikrofoni mbili (ya waya na isiyo na waya), dereva, fundi mitambo na mtangazaji. Unalipa kwa siku, mafuta ni juu yako. Ukitaka mkutano wa hadhara wanaongeza jenereta na maboksi ya spika.

Spika za honi ndizo zinazostahili hela yako. Honi hupeleka mbali sauti ya mtu anayeongea na kuiacha besi, na kwenye kampeni unachotaka ni maneno yafike. Wagombea wengi hudai maboksi makubwa kwa sababu yanapendeza jukwaani. Besi hunywa umeme wote wa amplifaya, halafu mtu aliyesimama mita 150 anasikia mdundo tu, neno halipati. Mwambie fundi ashushe honi mbili kutoka kwenye gari, azipandishe kwenye nguzo kama mita nne, midomo ielekee vichwa vya watu wa nyuma kabisa. Walio mbele watasikia tu.

Upepo wa Dodoma hutoka zaidi mashariki na kusini mashariki, na miezi ya kampeni huvuma kweli kweli. Ukielekeza spika upepo unakotoka, sauti inapandishwa juu na watu wa nyuma wanabaki wakiulizana kasema nini. Jukwaa likae upande wa mashariki wa uwanja, spika zitazame magharibi. Hapo jioni jua linawapiga wananchi kisogoni, mgombea ndiye anayekunja macho, na hivyo ndivyo inavyofaa. Mkutano mkubwa upangiwe saa 10 jioni, maana saa 7 mchana ardhi iliyochemka nayo huinua sauti. Ila kumbuka mwisho wa kampeni kwa siku ni saa 12 jioni, kwa hiyo vyombo viwe vimefungwa na kujaribiwa saa 9.

Tatizo la huduma hii ni umeme wa gari, na hapo hatuwaonei haya.

Amplifaya ya wati 250 ikifunguliwa yote huvuta ampea 30 na zaidi. Magari mengi tunayoyaona yameungwa kwa waya mwembamba wa milimita mraba 1.5, mengine yanachukua moto kwenye tundu la kiberiti cha sigara, ambalo fyuzi yake ni ampea 10 au 15. Matokeo yake kila besi ikipiga, volti zinashuka, amplifaya inazima na kuwaka, na mgombea anakatwa katikati ya sentensi. Kinachotakiwa ni waya wa milimita mraba 6 au 10 kutoka kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ya ampea 40 karibu na terminali. Fungua boneti uone mwenyewe. Usikubali kuambiwa.

Betri ya gari ya saizi ya N70 peke yake, injini ikiwa imezimwa na muziki ukilia, ni saa mbili hivi halafu gari halitawaka. Basi injini iwe inaunguruma, au iwepo betri ya pili ya vyombo tu.

Kosa lingine liko kwenye kuunga honi. Honi nne za ohmu 16 (kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba zinakuwa ohmu 4, hivyo waya uingie kwenye alama ya 4 nyuma ya amplifaya. Fundi akiuweka kwenye 8, amplifaya inachemka na transista zinaungua. Angalia pia chanya na hasi. Mwambie aongee kwenye maikrofoni, wewe simama katikati ya honi mbili: sauti ikififia hapo katikati na kurudi ukisogea pembeni, honi moja imeungwa waya kinyume. Kuigeuza ni kazi ya dakika mbili, na bisibisi inatosha.

Bongo Fleva ya kuita watu ipigwe, lakini kitufe cha besi kirudishwe sifuri kabisa. Besi ndiyo inayopasua diaframu za honi, yaani utando mwembamba wa ndani unaotikisika kutoa sauti. Gari lisilobeba diaframu mbili za akiba halifai kwenda mbali na mjini. Jimbo jipya la Mtumba, lililomegwa Dodoma Mjini mwaka 2025, lina lami ya Mji wa Serikali na pia lina vijiji ambako lami hukomea nyuma. Barabara ya vumbi yenye makorongo madogo ya mfululizo hulegeza nati za keria ndani ya siku moja, na waya unasuguana na bati mpaka unashoti. Nati ziwe za kujifunga, waya upitishwe ndani ya mpira wa tyubu, na kila jioni vumbi litolewe kwenye feni ya amplifaya kwa brashi kavu.

Maikrofoni isiyo na waya ni nzuri mpaka betri zifikie nusu. Zibadilishwe kabla ya kila mkutano, na ya waya ikae mezani ikiwa imewashwa. Mgombea asifunike kwa mkono kichwa cha maikrofoni, hapo ndipo mluzi unapoanzia.

Watangazaji ni wazuri kuliko tulivyotarajia. Anayeanza na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, kijijini anapata masikio kabla hajataja jina la mtu. Gari litembee pole pole, kilomita 15 kwa saa, la sivyo mtu aliye ndani anasikia nusu ya tangazo, na mara nyingi nusu hiyo haina siku wala uwanja.

Wakodishaji wengi hawatoi risiti mpaka uidai. Idai kila siku, iandikwe tarehe na namba ya gari, kwa sababu Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea aeleze alichotumia.

Kwa mjini tunaipa huduma hii nne kati ya tano. Kwa vijijini ni mbili, hadi watakapobadilisha zile waya.