Vitunguu vya lili vya Insta: vizima kabisa, ila majina ovyo (nyota 3 kati ya 5)

Niliahidi mrejesho wa wale jamaa wanaouza vitunguu vya kupandia maua ya lili Insta, haya nimeuleta. Jina la duka siweki maana tulishayamaliza na nusu ya hela walirudisha, ila popote utakaponunua haya mambo yatakusaidia.

Mimi niko Njombe, baridi tunayo ya kutosha na udongo wetu ni ule wa chai, wenye tindikali, na lili aina ya orientali, ambazo asili yake ni Japani, udongo wa hivyo ndo wanaupenda. Agosti nikaagiza vitunguu 12, Stargazer 4, Casa Blanca 4 na asiatiki (aina nyingine ya lili) nyekundu 4, kimoja shilingi 6,000, hela nikatuma kwa simu, mzigo ukaja na basi siku ya tatu. Hesabu yangu yote ilikuwa harusi ya mdogo wangu tarehe 28 Desemba. Orientali kama Stargazer na Casa Blanca zinakula siku 100 mpaka 120 toka kupanda hadi kufunguka, kwa hiyo nikapanda tarehe 8 Septemba nikatulia. Zile asiatiki zilikuwa za kibaraza changu tu, hazina harusi.

Niwape kwanza haki yao, kufunga mzigo wanajua. Kitunguu cha lili hakina ganda la nje kama kitunguu maji, ni magamba magamba kama kitunguu saumu kilichoachia, kikikauka ndo basi tena, sasa hawa walivilaza kwenye udongo mwepesi wenye unyevu kidogo ndani ya nailoni yenye matundu, mizizi ya chini bado ipo, hakuna kilicholegea wala chenye ukungu. Walitangaza saizi 16/18, maana yake mzunguko wa sentimita 16 mpaka 18, nikachukua tepu ya fundi cherehani nikapima kimoja kimoja, kumi na moja vikafika, kimoja tu kikagoma kwenye 15. Na vyote vimeota. Hapo siwadai kitu.

Karatasi yao ya maelekezo sasa, ile washieni moto. Eti panda juu juu kama kitunguu maji. Jamani lili inatoa mizizi mingine kwenye shina lenyewe, juu ya kitunguu, kwa hiyo fukia sentimita 15 hivi, usipofanya hivyo ikirefuka inalala chini, na upepo wa huku mnaujua.

Mambo yakaanza wiki ya tano. Kwenye zile nne zilizoandikwa Stargazer, mbili zina majani mapana yaliyoachana achana, mbili zina majani membamba yamejazana shina zima kama brashi ya kuoshea chupa. Hiyo si Stargazer hata kwa dawa, hiyo asiatiki. Nikawatumia picha WhatsApp, jibu likaja, "dada lili ni lili, subiri ua". Haya nikasubiri. Tarehe 22 Novemba zikafunguka, rangi ya chungwa, madoa meusi, harufu sifuri.

Sawa, rangi ya chungwa nayo ni nzuri, sikatai, lakini harusi ni mwisho wa Desemba na ua limekuja Novemba nifanye nalo nini? Ndo maana hiyo "lili ni lili" iliniuma kuliko hata hela. Kwenye lili jina ndo kalenda, ukiuziwa jina la uongo umeuziwa na tarehe ya uongo.

Zile mbili za kweli lakini, jamani! Ua limetazama juu, na jina lenyewe limetokana na hapo, yule mzalishaji Leslie Woodriff aliitoa California miaka ya 1970 wakati orientali nyingi zilikuwa zinainamisha uso. Nyekundu ya waridi katikati, ukingo mweupe, vidoa, na harufu inakufuata mpaka jikoni. Hasira iliniisha siku mbili tatu.

Ila Casa Blanca nazo zilishanikera kabla ya hapo. Zote nne zilitoka nyeupe, mtu asiyejua angepokea na kushukuru. Ila Casa Blanca inafunguka kama bakuli pana, ncha zinakunjia nyuma, na chavua yake ni rangi ya kutu. Zangu zikaja tarumbeta ndefu zenye chavua ya njano, wiki ya kwanza ya Desemba. Hiyo ni longiflorumu, ile lili ya Taiwan na visiwa vya kusini mwa Japani ambayo Wamarekani wananunua sana Pasaka. Nzuri mno, ila siku ya harusi yalibaki mabua, tukapamba meza kuu na Stargazer mbili na mawaridi ya kununua.

Asiatiki nyekundu nazo kwa ule ukubwa wa ua na petali nene kama zimepakwa nta, naona ni LA, yaani chotara wa longiflorumu na asiatiki. Hizo sijalalamika, kwa kibaraza zinatosha sana.

Baadaye nikawatumia picha upya zote, jani, shina, ua kwa mbele, chavua kwa karibu, na tarehe ya kila moja kufunguka. Hapo ndo wakakubali kwamba makreti yalichanganyika wakati wa kugawa, wakarudisha nusu ya hela na vitunguu sita juu. Wengine wangenibloku tu.

Kitu ambacho siwasamehi ni paka. Hakuna mahali popote wameandika kwamba lili ni sumu kwa paka, na si ua tu, jani, chavua, mpaka maji ya kwenye chombo cha maua, figo zinakufa. Wa kwangu ilibidi ahamie kwa mama miezi miwili, na mama hampendi.

Halafu ile kauli ya wauzaji, "panda mara moja uvune milele", msiibebe. Kitunguu kinahitaji baridi kwanza ndo kichanue tena vizuri, wiki sita mpaka nane au zaidi kwenye nyuzi 2 hadi 5, kwa hiyo shina likikauka navifukua naviweka friji, mbali na matunda maana hewa ya matunda yanayoiva inaviharibu. Watu wa Dar, furahieni ua la kwanza tu.

Vile sita vya fidia nilivipanda mwezi uliopita, vinne vimeshatoa pua. Vilikuja na kikaratasi kimeandikwa Casa Blanca. Majani bado hayajafunguka.