Saa nane mchana tangi langu linajaa lenyewe

Naanza na hukumu: msinunue. Au nunueni, ila msimsikilize muuzaji.

Hii sensa (siyo ya watu na makazi, ni ya kupima umbali kwa mlio, HC-SR04, ile yenye macho mawili kama bundi) niliinunua Kariakoo kwa buku tano, kabla mvua hazijaanza. Nilitaka Raspberry Pi yangu, kale kakompyuta kadogo, iniambie maji ya tangi la juu yamebaki kiasi gani, maana nimechoka kupanda ngazi usiku na tochi mdomoni. Nikamuuliza kijana wa dukani habari za waya. "Kaka, chomeka tu, inapiga kazi."

Nikachomeka tu. Pini ya Pi ikafa siku hiyohiyo. Mguu wa sensa ulioandikwa Echo unarudisha volti 5, Pi inavumilia 3.3. Dawa yake ni rezista mbili za kupunguza volti hizo, ya omu 1000 na ya omu 2000, na yeye alikuwa na boksi zima la rezista chini ya kiwiko chake!

Nikarudi. Hakuinua macho kwenye simu. "Mali ikishauzwa hairudishwi, mzee." Juzi nilikuwa kaka. Nikamwambia sitaki hela, nataka awe anawaambia watu. "Kwani mimi mwalimu?"

Kwani mimi mwalimu! Rezista nikanunua kwake hapohapo, Mungu anisamehe, jua lilikuwa kali.

Namba zikaanza kuja, sentimita toka sensa hadi maji: 83, 84, 83, 651, 12, 83. Tangi langu halina mita sita, na kila 651 nilimtukana yule kijana kimoyomoyo. Kumbe 651 ni mwangwi ambao haukurudi kabisa, sensa ikachoka kusubiri. Ile 12 nilijitakia: nilikuwa napima mfululizo, mwangwi wa mlio uliopita unapokelewa kama wa mlio mpya. Nikaacha milisekunde 60 katikati, zikakoma.

Bado 83 ikawa inacheza, mara 81, mara 86. Hapo sensa haina kosa. Linux, mfumo unaoendesha Pi, ikiwa na shughuli zake inaiacha programu yangu ya Python ikisubiri, na kila mikrosekunde 58 zikipotea ni sentimita nzima. Nikahamia pigpio, programu ya kusoma pini, ambayo muda wa pini inauchukua bila kupanga foleni hiyo. Sasa napima mara 11, napanga namba, nachukua ya katikati. Wastani sitaki kuusikia. 651 moja inaharibu zote.

Ikatulia. Nikakaribia kuipa nyota nne, kwa buku tano inastahili.

Halafu ikaja ile saa nane mchana. Bomba halijatoka siku mbili, tangi linapanda! Hewa ya moto inakimbiza sauti: nyuzi 20 ni mita 343 kwa sekunde, nyuzi 35 ni karibu 352. Mwangwi unawahi kurudi, sensa inadhani maji yako karibu zaidi. Maji yakiwa mita moja na nusu chini, unaongezewa kama sentimita 4 za maji hewa.

Nikaenda kutafuta sensa ya joto, DS18B20, duka jingine. Mama wa pale, kabla hata hajapokea hela, akauliza, "Unaenda kuifunga wapi, baba?" Nikamweleza. Akaniwekea na rezista yake ya omu 4700 kwenye kikaratasi, bila kuombwa.

Yule wa kwanza sasa ndiyo namchukia zaidi.