Kupanda mlima Longido, nendeni jamani

Kama unapita barabara ya Arusha kwenda Namanga shuka Longido upande mlima na waongozaji wa Kimaasai, hela yako haipotei kabisa. Chini kukavu kweli maana Meru na Kilimanjaro inakinga mvua, ni migunga tu, ile mifupi yenye vinundu vyeusi jamaa alitupasulia kimoja asee sisimizi wamejaa ndani, ndo wanaoulinda mti twiga wasiumalize. Akatuonyesha na oloisuki, mti wa dawa wa Wamaasai wanaochemshia supu ya mbuzi. Juu huko, mita 2,600 na ushee, unaingia msitu wa ukungu, yani kama mkoa mwingine. Ila maji wanayotoa hayatoshi, beba yako ya kutosha na muanze saa 12 asubuhi, jua likipanda huko chini hapakaliki.