Dogger cha Shirley Hughes: uzoefu wangu baada ya kukisoma na wanangu

Kama una mtoto ambaye halali bila mdoli wake fulani, yaani ule uliochakaa kabisa, unanuka mate, na siku ukiuloweka tu nyumba nzima haikaliki kwa kilio, basi kitabu hiki kinunue. Nimeanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Wenye muda ngoja niwaeleze kwa nini nakipenda hivi, maana nina mengi ya kusema.

Sisi tunaishi Leicester huku Uingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili, wa kwanza wangu ni binti ana miaka 8 na mdogo wake wa kiume ana 4. Kitabu tulikikuta maktaba, tukaazima, tukarudisha, tukaazima tena, mwishowe nikaona isiwe tabu ngoja ninunue cha kwetu.

Ni kitabu cha zamani, kilitoka 1977. Aliyeandika ndo huyohuyo aliyechora, Shirley Hughes, mama aliyezaliwa 1927 kule West Kirby upande wa Liverpool na akafariki 2022 akiwa na miaka 94. Kilipata Kate Greenaway Medal, ambayo ndo tuzo kubwa ya michoro ya vitabu vya watoto huku (siku hizi inaitwa Carnegie Medal for Illustration), halafu 2007 wasomaji walipopigishwa kura wachague kipenzi chao kati ya vitabu vilivyowahi kushinda tuzo hiyo, hiki ndo kikaibuka wa kwanza. Miaka 30 imepita na bado watu wanakipigia kura! Na Dogger alikuwepo kweli jamani, alikuwa mdoli wa mtoto wake mwenyewe wa kiume.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kuna mtoto anaitwa Dave, ana mdoli wa mbwa wa manyoya wa rangi ya kahawia, ndo Dogger mwenyewe, sikio moja limesimama lingine limelala, na manyoya yameshapukutika sehemu sehemu kwa uzee. Dada yake Bella analala na madubu saba kitandani, mdogo wao Joe bado mchanga anataka vitu vigumu vya kung'atang'ata, lakini Dave yeye ni Dogger tu, hataki kingine. Siku moja anatoka na mama yake kumfuata Bella shuleni, Joe kwenye kigari, Dogger mkononi. Pale shule watu wanaandaa ile siku ya kiangazi ambapo shule inafungua uwanja, wazazi wanakuja, kuna meza za kuuza vitu, michezo, bahati nasibu. Dave anajibana kwenye fensi achungulie. Gari la aiskrimu linafika, Bella na Dave wananunuliwa, Joe hapewi yake mzima kwa sababu anadondosha mate mno, kwa hiyo analambishwa za wenzake. Wanarudi nyumbani. Usiku ndo mtoto anakumbuka kwamba Dogger hayupo.

Sasa hapa ndo naomba nikae kidogo. Vitabu vingi vya watoto mtu akipoteza kitu ukurasa unaofuata tayari kimepatikana au mzazi anasema usijali tutanunua kingine. Shirley Hughes hakufanya hivyo. Kwanza Dave anakuwa mkimya kwenye chai ya jioni, kwenye kuoga anazidi kuwa mkimya, na mpaka anafika kitandani ndo anasema anamtaka Dogger. Aliyelea mtoto anaujua ukimya huo, unamwona kabisa kuna kitu lakini ukimuuliza hasemi. Halafu nyumba nzima inageuzwa, mama anatafuta, baba anatafuta, hakuna hata mmoja anayesema aah ni mdoli tu bana kalale. Bella anamwazima dubu wake mmoja alale naye, lakini si Dogger, na Dave anaamkaamka usiku anamkumbuka. Ndo basi, ukurasa umeisha, na mtoto unayemsomea inabidi alibebe hilo mpaka ufungue unaofuata. Wangu wa miaka 4 pale anashika mkono wangu kila mara ingawa mwisho anaujua kwa kichwa.

Kesho yake ndo ile siku ya shule. Bella na rafiki yake wanashinda mbio za kufungwa mguu kwa mguu, halafu kwenye bahati nasibu Bella huyohuyo anajishindia dubu kubwaaa lenye utepe wa hariri shingoni. Na Dave je? Kanuna. Hampendi lile dubu na kwa wakati ule hata dada yake hampendi vizuri, maana kila kitu anashinda yeye. Nimefurahi sana kwamba hilo limeandikwa wazi bila kumgombeza mtoto. Wivu wa ndugu upo, kwenye nyumba zetu tunaambiwa funika kombe mwanaharamu apite, lakini mtoto aliyepoteza kitu chake akamwona mwenzie anapata zaidi, moyo unachafuka tu, na kitabu kinamwacha anune.

Anajiendea zake kwenye meza za vitu vya mtumba, na pale katikati ya midoli mingine ya watu, Dogger! Ana karatasi ya bei, pensi tano. Mwanangu anapenda picha hii kuliko zote, anaweka kidole juu ya hiyo karatasi ya bei afu ananiangalia usoni aone kama na mimi nimeona. Dave hela aliyonayo haitoshi, anakimbia kutafuta wazazi wake kwenye ule umati, anampata Bella, wanarudi mbio, wanakuta kasichana kadogo kameshamnunua kanaondoka naye.

Hapa nyumbani kwetu uligeuka ugomvi mkubwa. Mwanangu wa kiume anasema yule mtoto mbaya, amrudishe. Dada yake anasema hapana, amenunua kwa hela yake hajaiba, kwa nini amrudishe? Na kweli kitabu hakimfanyi huyo mtoto kuwa mwizi wala katili. Yeye naye amempenda Dogger, amelipa, anamshikilia kwa nguvu, na yeye ni mdogo vilevile. Hakuna mwenye kosa pale na bado kuna mtoto analia. Sijawahi kuona kitabu cha umri huo kinachomwekea mtoto jambo zito namna hii mezani na kumwachia alifikirie. Binti yangu alisimama na hoja yake mpaka taa zikazimwa.

Halafu Bella anatoa lile dubu kubwa la bahati nasibu, anabadilishana na Dogger.

Mkubwa anampa mdogo, ni kitu tunachowafundisha watoto wetu tangu wanatambaa, wala hakihitaji tafsiri. Ila kilichonimaliza mimi ni kinachofuata usiku wakiwa wanajiandaa kulala, Dave anamuuliza dada yake kama atalimiss lile dubu, na Bella anajibu kwamba wala si sana, hakulipenda kivile, macho yake yalikuwa yanakodoa mno, na isitoshe akiongeza dubu mwingine kitandani yeye mwenyewe angekosa pa kulala. Kitabu kinaishia hapo!! Ametoa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kushinda, na hakumsimanga mdogo wake hata kidogo, amelishusha thamani makusudi ili mdogo asijione ana deni. Sisi watu wazima wangapi tunaweza hivyo? Mtu akikuchangia harusi utaisikia mpaka mtoto wako anaoa. Binti yangu alivyofika pale akaniambia "mama, anadanganya, alilipenda," na mimi nikamwambia ndiyo, alilipenda. Akanyamaza akarudisha kurasa nyuma kutazama tena ile picha Bella analikumbatia dubu baada ya kushinda.

Michoro sasa. Ni ya kalamu na rangi, watu wana vichwa vya nywele timutimu, soksi zimeshuka, vyombo vimejaa kwenye kabati, nguo zinaning'inia, ni nyumba ya watu wenye watoto kweli. Shirley Hughes alikuwa na kawaida ya kukaa viwanjani na bustanini akichora watoto wanavyocheza, na inaonekana, maana jinsi Dave anavyosimama amevimbisha tumbo, au Joe anavyojikunja kigarini, huwezi kubuni ukiwa umejifungia chumbani. Picha za umati pale uwanjani unaweza kukaa nazo muda mrefu sana, kila mtu ana lake analofanya, na kwa mtoto ambaye bado hajui kusoma ni raha kwa sababu anaweza kusimulia mwenyewe kwa kuangalia tu.

Nilisoma mahali kwamba enzi hizo wachapishaji walihofia kwamba kitabu ni cha Kiingereza mno, hakitauzika nje. Mimi nakataa. Mama yangu yuko Tanga, tumemsomea kwa video ya WhatsApp, mimi nasoma ukurasa afu wanangu wanamsimulia bibi yao kwa Kiswahili huku wanamwonyesha picha, na hakukwama popote. Mbio za kufungana miguu akasema ah hizo ni kama zetu za magunia na za yai kwenye kijiko. Meza ya mtumba ndo kabisa, nani hajui mtumba. Na alipofika kwenye Dogger kuuzwa pensi tano akapiga kelele "wamemuuza mtoto wa watu!" Wanangu walicheka mpaka wakaishiwa pumzi.

Kwa upande wa yasiyonifurahisha sana: maneno ni mengi kidogo kuliko vitabu vya picha vya siku hizi, kuna kurasa zenye picha ndogondogo kadhaa na maandishi katikati, kwa hiyo kama mtoto ana miaka miwili anaweza kuchoka njiani, kwangu naona kuanzia mitatu na nusu hivi ndo kinakaa vizuri. Si kitabu cha kusimama nacho mbele ya darasa la watoto wengi, wa nyuma hawataona kitu, ni cha kukaa nacho mtoto akiwa mapajani. Na kama unasimulia kwa Kiswahili papo kwa papo kama mimi, kipitie kwanza peke yako, hasa pale kwenye siku ya shule, vitu vinatokea harakaharaka. Kopi yangu ni ya kava laini na kwa jinsi inavyofunguliwa imeanza kuachia kurasa za katikati, hivyo ukiweza ongeza hela uchukue ya kava gumu.

Walioko Marekani mkikitafuta mjue huko kilitoka kwa jina la David and Dog, ukikutana nalo kwenye vitabu vya mtumba usikipite, ni hichohicho. Pia kuna cha pili, Dogger's Christmas, alikitoa 2020 akiwa na miaka zaidi ya 90, familia ileile. Mimi sijakisoma bado, wanangu wameshakiombea kwa shangazi yao kwa ajili ya Desemba. Ila kama hela yako ni ya kitabu kimoja tu, anza na hiki cha 1977, na kama mtoto wako ana dada au kaka mkubwa mwite naye akae, asiambiwe ni kitabu cha watoto wadogo.